Kilo Tatu na Kilo Mbili Kasorobo

Kuopio, Ufini
Jumamosi

Pacha wangu Irja,

Theluji imefika dirishani, na saunani, kwenye chumba cha kuogea mvuke, sina wa kunisugua mgongo. Watafiti wa mapacha wametuma fomu, wanauliza tulizaliwa na kilo ngapi. Nimejaza: mimi tatu, wewe mbili kasorobo. Unakumbuka Mama alivyokuwa akinipokonya andazi? "Lempi, wewe jitu ulishiba tangu tumboni. Mwachie mwenzio." Kumbe kisukari kilikuwa kinalitaka jitu. Nesi anasema huenda uzito wa kuzaliwa unachangia, lakini watafiti bado hawana hakika.

Tangu nianze sindano hujarudi kutoka Uswidi. Najua, unaogopa kuniangalia usije ukajiona. Sikulaumu.

Fomu inauliza pia tunaonana mara ngapi kwa mwaka. Hapo nimepaacha wazi. Jaza wewe.

Jitu lako,
Lempi