Bahasha ya Mama Mkubwa

Mama,

Sauti ya vidonge vikidondoka kwenye bahasha ndiyo iliyoniamsha leo, kabla sijafumbua macho. Kumbe nusu ya dawa yako ya presha unamtumia mama mkubwa kule kwetu. Na mimi juzi, kifua mbele, nikamtafsiria daktari wa huku: "Anameza kila siku." Naye, kwa kuwa presha haishuki, akaongeza dozi.

~~Nimekasirika.~~ Nimeogopa.

Bahasha ninayo, naenda kumwambia daktari ukweli. Kidonge chako cha leo kiko kwenye kisahani, kimeze. Supu usiiongeze chumvi, nitaionja nikirudi. Undugu ni kufaana, mama, si kufa pamoja.

Mwanao

N.B. Nimeshampigia simu mama mkubwa, nikamwahidi kwa sauti: "Dawa yako nitaihangaikia mimi. Ya mama ataimeza mama."