Kambwa ka Kwenye Intaneti

Yasmina, ulitazama nyuma ya kambwa kwenye ile picha uliyotoa intaneti?

Maharage yameiva, yapashe moto tu. Usitoke tena kwenda kwa huyo muuzaji wa kambwa. Asubuhi ulininunia niliposema mutoto wa mbwa hachukuliwi kwa mutu usiyemujua, bila kwanza kumuona mama yake. "Bibi, we unaogopa kila kitu!" Ndiyo. Kuogopa ndiko kulikotufikisha hapa Jabe tukiwa wazima.

Ulipoenda shule nikavaa miwani, nikaitazama ile picha. Kambwa kamekaa kwenye ngazi yenye vifuniko vya fanta ndani ya saruji, vimepangwa kama nyota. Babu yako, Mungu amurehemu, ndiye aliyevipanga kwa mukono wake, kule kwetu Musaga, mwaka ule tuliokimbia risasi.

Naenda pale sasa, jua lingalipo, na jirani yetu Mama Shakuru. ~~Nitawaambia ni nyumba yetu.~~ Apana, nitauliza mbwa tu. Wakinipa, atalala inje, mbali na mukeka wa swala.

Mbwa ni wako, mujukuu wangu. Mi nataka tu nikae kidogo kwenye ile ngazi.

Bibi yako