Nafasi ya Mama Mkekani

Shangazi Anifa, shikamoo.

Huku Singida alizeti zimechanua, na Mama hajambo.

Unajua vikao vya kampuni yetu ya mafuta hufanyika wanaume wakila, na Mama, mwenye hisa za marehemu Baba, huwa jikoni. Jana Baba Mkubwa alitaka kuuza mashine ya kukamulia. Darasani naongea hata Kiingereza, lakini pale nilisema nikiitazama sahani yangu.

"Baba Mkubwa, Mama hajaulizwa."

Akacheka. "Akikaa, nani atapakua?"

"Mimi." Nikainuka, nikampisha Mama mkekani.

Mama akaketi, akakataa mashine kuuzwa. Baba Mdogo akamuunga mkono. Mashine haiuzwi mpaka wenye hisa wote wakutane Jumamosi.

Na wewe unazo, Shangazi. Njoo ukae. Wali nitapakua mimi.

Mwanao mwenye aibu,
Tamimu