Sihem Alivyojifunza Kusema "Mimi"

Barabara ya Gremda,
Sfax, Tunisia.
22 Septemba 2022

Mpendwa mdogo wangu Lotfi,

Amani iwe juu yako huko kwenye baridi yako ya Kanada, wewe na wifi yangu Chedlia na wanangu wote. Kabla sijasema langu lolote, niambie: kile kikohozi kimekwisha? Na mgongo je? Usinijibu "hatujambo" tupu kama askari anayeitikia jina. Mimi ni mzima, Mungu ashukuriwe. Magoti yananung'unika ngazini, lakini mdomo, kama unavyoujua, haujapata kuugua hata siku moja.

Utashangaa kuona barua na simu ipo. Kwenye simu wewe hunikatiza, na habari hii sitaki ikatizwe. Karatasi ina adabu, hunisikiliza mpaka mwisho.

Lozi mwaka huu hazikuwa nyingi ila ni tamu mno, nimekuwekea mfuko mzima. Dada yetu Jamila alipasuliwa goti na sasa anatembea kuliko daktari alivyomruhusu: anapita nyumba hadi nyumba kuwaonyesha watu kovu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nilikuambia wakati wa Idi kwamba Anis ameitwa kazi Doha. Sikukuambia yote, maana sikutaka kukulilia sikioni. Wito wenyewe ulikuwa wa kwenda na mke na watoto. Mwanangu alinikalisha akanieleza wazi: "Mama, mshahara mmoja hautubebi tena hapa. Sihem akipata kazi kabla ya mwaka wa shule kuanza, tutabaki. Asipopata, tutaondoka." Tangu siku hiyo nikawa nikiwatazama wajukuu zangu Ghaith na Sirin wakila, sahani yangu nikaisahau. Wanakaa ghorofa ya juu yangu, Lotfi. Nikisikia nyayo zao asubuhi ndipo najua kumekucha.

Sihem ulimwona harusini. Ni mkemia wa vyakula, na kabla ya kuzaa alifanya kazi katika maabara ya kupima mafuta ya zeituni, akasifika. Kisha akapata Ghaith, akapata Sirin, akakaa nyumbani kulea. Kasoro yake ni moja: hajui kujisifu. Ukimsifia mchuzi wake, atakwambia sufuria ndiyo nzuri.

Akaanza kutuma maombi. Mwezi wa Juni kampuni moja ya dawa ikamwita kwenye usaili, wa kuonana kwenye kompyuta. Akafanyia sebuleni kwangu kwa kuwa juu kwao watoto wanapiga kelele. Mimi nilikuwa jikoni namenya njegere, mlango uko wazi kidogo. Basi, tuseme wazi vya kutosha.

Msaili, mwanamume mwenye sauti ya upole, alimwambia, "Hebu tueleze habari zako."

"Sina habari kubwa," akasema Sihem.

"Pale maabara ulikuwa ukifanya nini?"

"Tulikuwa tunapima mafuta."

"Na wewe mwenyewe, sehemu yako ilikuwa ipi?"

"Ah, wenzangu walikuwa hodari sana, alhamdulillahi."

Nikachungulia. Amevaa nyeusi juu hadi chini kama anayekwenda matangani, ameinamisha kichwa, na ile kompyuta ameiweka vibaya hata yule bwana nadhani alikuwa akiongea na taa yetu ya darini. Alipoulizwa kwa nini amekaa miaka yote bila kazi, akaomba radhi. Akaomba radhi, Lotfi! Kwa kulea wajukuu zangu!

Barua ya kumkataa ilikuja upesi, ya adabu sana. Sihem alisugua sufuria ambazo zilikuwa safi tayari.

Hapo ndipo mpwa wetu Ramzi alipokuja na ujuzi wake. Unamjua Ramzi, akisimuliwa mvua yeye alikuwa ndani ya wingu. Alimwandikia Sihem wasifu mpya wa kazi. Kuusoma, nikadhani tumeoa mtoto wa waziri: alikuwa mkuu wa maabara, anasema Kijerumani, na ile miaka ya nyumbani ameijaza kazi katika kampuni ya rafiki yake.

"Kila mtu anaweka chumvi, shangazi," akaniambia. "Wenye kuajiri wenyewe wanajua."

Sihem akaisoma ile karatasi mara mbili, akamrudishia. "Miaka yangu siyo shimo la kufukiwa," akasema. "Nitaandika nilikuwa nyumbani."

Nilimpenda siku ile kuliko siku aliyoingia nyumba hii akiwa bibi harusi. Lakini nikajiona nina kazi. Kusema kweli anajua. Kilichobaki ni kuisema kweli ile kwa sauti inayosikika.

Kesho yake nikamwita jikoni kwangu. Nikavaa miwani ya marehemu mume wangu, nikakaa mbele ya meza nikajifanya bosi. "Haya binti, tueleze habari zako."

Akacheka, kisha akakataa. "Mama, mimi siwezi. Wazee wanasema chema chajiuza."

"Chajiuza kikiwa sokoni," nikamwambia. "Kikikaa kabatini nani atakiona? Nondo?"

"Na kijicho je? Nikijimwagia sifa nitajipiga kijicho mwenyewe."

"Sema mashallah moyoni, halafu endelea na sentensi yako."

Bado akasita. Nikamwuliza, "Tulipokuja kwa baba yako kukuposa, nilisemaje juu ya Anis?"

Akafikiri. "Ulisema ana bidii, hasemi uongo, na hajawahi kuona mlango wa kabati akaufunga."

"Mama yako alifanya nini?"

"Alicheka mpaka akamwaga kahawa."

"Nilidanganya popote?"

"Hapana. Kabati mpaka leo hafungi."

"Nilimshusha mwanangu?"

"Hapana, Mama."

"Basi usaili ni posa. Unataja mazuri yaliyopo, na ila moja ndogo unaitaja mwenyewe kabla hawajaitafuta. Na usisahau, anayeposwa naye huuliza. Baba yako alituuliza maswali mpaka nikatoka jasho. Nawe waulize. Wao wanakuchagua, nawe unawachagua."

Siku nyingi tulifanya hivyo baada ya chakula cha mchana. Kila akisema "tulipima" nagonga meza kwa mwiko: "Nani?" Anasema, "Sisi." Nagonga. "Nani?" "Mimi na wenzangu." Nagonga. Watoto wakapenda mchezo, wakawa wanakaa chini ya meza wakipiga kelele, "Nani? Nani?" Swali la miaka ya nyumbani ndilo lililotutesa. Mara ya kwanza alilia. Mara ya pili akaeleza mpaka nikasahau nilichouliza. Nikamwambia afupishe, maana maelezo marefu hunuka hatia. Alasiri moja akaweka mikono mezani, akanitazama machoni, akasema:

"Nilikaa nyumbani kulea wanangu, na nilichagua mwenyewe. Msimu uliopita nilisoma kozi ya kuonja mafuta, nikafaulu. Wanangu wako shule sasa, na mimi niko tayari. Maabara naijua."

Mwiko ukabaki hewani. Sikuwa na mahali pa kugonga.

Mwezi wa Agosti akaitwa tena, safari hii na kampuni ya kusafirisha mafuta ya zeituni, hapa hapa barabara ya Mahdia. Nilitoa cherehani, nikampunguzia koti la buluu alilovaa kwenye harusi ya dada yake, likamkaa kama kashonewa yeye. Viatu vipya nilimkataza. Kiatu kipya kikikubana, uso unakunjamana, na mtu asiyekujua atadhani unaringa.

Anis alitupeleka kwa gari. Ndiyo, nami nilikwenda, usicheke. Nilikaa garini na tasbihi yangu. Anis akatafuna kucha mpaka nikamnunulia mbegu za alizeti atafune hizo.

Sihem alipotoka nje, hakukimbia wala hakuinama. Alikuja akitembea, akafungua mlango, akaketi, akapumua. Sisi tumemkazia macho.

"Sema basi, mwanamke!" Anis akapiga kelele.

Walikuwa wawili, akatueleza: mama mmoja mwenye mvi zilizokatwa fupi, aitwaye Bi Olfa, na kijana mwenye kuandika. Sauti ilimtetemeka mwanzoni, na lile jibu tulilolifanyia mazoezi likamtoka nusu tu. Bi Olfa akamwachia nafasi. Sihem akanywa maji, akasema, "Samahani, nianze tena," akaanza tena, mara hii mpaka mwisho.

"Wakaniuliza udhaifu wangu. Nikawaambia nikiona kosa siwezi kunyamaza, na zamani nililisema mbele ya watu wote. Wanangu wamenifunza kumvuta mtu kando kwanza."

"Wakasemaje?"

"Bi Olfa akacheka. Akasema yeye bado hajajifunza." Kisha akanigeukia. "Na nikawauliza, Mama. Nikauliza aliyekuwa na nafasi hii aliondoka kwa nini. Yule kijana akaacha kuandika akamtazama mwenzake. Kumbe yule aliyekuwepo alipandishwa cheo."

Nikambusu paji la uso. Nikamwambia hata wasipomchukua, leo ameonekana. Nilisema hivyo kwa mdomo, Lotfi. Moyoni nilikuwa nahesabu masanduku ya Doha.

Tukangoja. Shule zikakaribia. Watu wa Doha, nikihesabu mimi, wanangoja jibu, na sithubutu kumwuliza Anis. Nikakosa usingizi, nikawa nachambua dengu zilizokwisha kuchambuliwa.

Wiki iliyopita, Sihem akiwa anaanika nguo juu ya paa, simu yake ikalia mezani kwangu. Ghaith akaipandisha mbio. Kisha nikasikia kigelegele kutoka juu, cha Sihem, huyu ambaye kwenye harusi yake mwenyewe alikuwa akijifunika mdomo! Nikaitikia kutoka uani, majirani wakaitikia kutoka madirishani. Bi Naziha wa ng'ambo ya barabara akaja na chetezo cha ubani kinafuka moshi, anauliza nani kaposwa.

Ijumaa nikapika kuskusi ya samaki, yule mkubwa, na pilipili kama unavyoipenda. Tulikaa wote mezani. Furaha ilikuwa imejaa, lakini mimi mwiba bado ulikuwa moyoni. Mwisho nikajikaza, nikasema, "Anis mwanangu, mkeo amepata kazi. Lakini kama moyo wako uko Doha, nendeni wote. Msibaki kwa sababu ya kikongwe."

Anis akanywa maji. "Doha nilishawakatalia, Mama."

"Lini? Jana?"

"Mwezi wa Julai."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Julai! Kabla hajaitwa?"

"Siku moja nilikuwa nashuka ngazi, nikamsikia Sihem jikoni kwako akisema 'Nilichagua mwenyewe. Maabara naijua.' Nikasimama pale pale kwenye ngazi. Nikasema moyoni, mtu mwenye sauti hii hakosi kazi. Nikawaandikia siku ile ile."

"Na mimi ninayelowanisha mto kwa machozi miezi miwili, hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungelegea," akasema, mjinga yule, huku akitabasamu. "Mama, hujijui unavyofundisha ukiwa na hofu!"

Nikavua ndara yangu nikamrushia. Ikampita sikioni, ikatua kwenye bakuli la saladi. Watoto wakaanguka kwa kicheko. Nikamgeukia Sihem, maana hata yeye alikuwa hajui, nikadhani atakasirika au atalia. Akainuka polepole, akazunguka meza, akainama, akanivua ndara ya pili mguuni, akanikabidhi mkononi.

"Huyu alinidanganya na mimi," akasema. "Lenga vizuri, Mama."

Nikalenga vizuri.

Msalimie sana Chedlia, na Wassim, na Ibtihel, na umbusu mdogo wenu ambaye sijambeba bado. Jamila anakusalimu, na kovu lake linakusalimu. Mungu akulindie kifua chako, akufungulie milango yako yote, na akulete nyumbani kabla ya zeituni kuiva, tukae meza moja tule tukigombana.

Akupendaye asiyechoka kukungoja,
Dada yako,
Mongia