Mama Alivyofika Bomani

Kilwa Kivinje, mwezi wa Rajabu

Kaka yangu Likwata, huko Unguja,

Shikamoo. Sisi wazima, na mama anatembea! Unga wa daktari wa Kijerumani ulimuumiza tumbo tu, basi nikawa namkanda magoti kwa maji ya majani ya mkwaju, kisha namsugua mafuta ya ufuta na tangawizi.

Juzi askari alinikuta nimebeba chungu cha dawa hiyo. "Maji ya dawa?" Tangu vita vya Maji Maji, neno hilo linawatisha. Nikapelekwa bomani mbele ya akida.

Jirani akampasha mama habari. Mara tukamwona mlangoni, peke yake, naye hajatoka uani tangu Ramadhani!

"Dawa ya binti yangu ndiyo iliyonileta hapa," akamwambia akida.

Akida akacheka, akaniachia, akaomba na yeye ya kiuno chake. Kisha akauliza habari zako.

"Mwanangu alikufa vitani," mama akajibu, jicho kavu.

Njiani ndipo alipolia.

Basi usije bado, kaka. Mama anasema magoti yakizidi kupona, atavuka bahari aje yeye.

Mdogo wako akupendaye,
Kazija