Majivu Yaliyozama

Dada Zuwena,

Shikamoo. Nakuomba, hata neno moja la humu lisitoke nje ya nyumba. Ndiyo maana kadi hii ya posta nimeitia kwenye bahasha.

Ile dawa ya kifua niliyompelekea Mama, asilambe tena, hata leo. Ni majivu ya ulanga, lile jiwe la kumetameta. Mganga mzee wa dukani kwetu hapa Rayners Lane alikuwa akiyachoma tena na tena mpaka yaache kung'aa, kisha akitia chembe kwenye gilasi ya maji. Yakielea, yameiva. Alipokufa, mwanawe akaanza kuagiza ya magunia. Jana nilitia chembe majini. Yalizama yote, yakalala chini yanang'aa kama mchanga.

Nikamwonyesha. Akacheka. "Bwana mdogo, wewe karani au mganga? Bandika lebo."

"Mama yangu anakula hii, bwana."

"Basi muombee."

Dada, kwa hasira yangu yote, bado nikabandika, chupa arobaini, kila moja ina jina la baba yake. Pasi yangu ya kusafiria iko kabatini mwake, na yeye ndiye mdhamini wangu kule Croydon, kwa watu wa uhamiaji. Najichukia kuliko ninavyomchukia yeye.

Nawabusu mikono, wewe na Mama.

Usiniandikie dukani, anafungua barua zangu. Andika kwa Shangazi Rukia, anwani yake unayo. Nyuma ya bahasha chora nyota ikiwa Mama ameimwaga ile dawa, nijue kabla sijaifungua.

Mdogo wako,
Nassor