Kofia Juu ya Kipimo cha Jua

2 Februari

Mwanangu, baridi ya huko haijakumaliza? Mimi nipo. Kifua kinanisumbua, nami nakisumbua. Kile kipimo cha jua ulichonitumia nimekifunga juu ya paa, pamoja na vyombo vyangu vingine vya hali ya hewa vinavyotuma vipimo mtandaoni. Kinadanganya mchana kweupe! Jua linachoma utosi, chenyewe kinasoma kama kuna mawingu. Nielekeze namna ya kukirekebisha. Tangu mama yako atutoke, sina mwingine wa kubishana naye.

Baba yako

3 Februari

Shikamoo Baba. Mimi mzima, ila ukitaja kifua silali. Futa vumbi kwenye kioo chake, hakikisha kimekaa sawa, hakijainama. Kisha kifunike kabisa: lazima kisome sifuri. Adhuhuri isiyo na wingu kilinganishe na hesabu ya nguvu ya jua niliyokutumia, uongeze usomaji wake kidogo kidogo mpaka ulingane nayo. Lakini mwambie fundi cherehani wa chini apande yeye. Wewe na ngazi hiyo hamuivi chungu kimoja.

Mwanao

9 Februari

Marahaba, mama. Fundi cherehani apande paa langu? Thubutu! Nimepanda mwenyewe, nikapumzika katikati, nikakifunika kwa kofia yangu. Sifuri! Nikafunua, nikarekebisha, sasa kinakaribia. Nitakihakiki hivyo hivyo kwa kofia kila adhuhuri mpaka kitulie. Si unauona mstari wake kwenye simu yako? Ukishuka ghafla kisha ukapanda, ujue baba yako yuko juu, anahema kama mbuzi aliyekimbizwa, lakini yupo.

Baba

20 Februari

Shikamoo Baba. Nauona. Kazini nausubiri ushuke, ukipanda ndipo nakula. Lakini sasa kinasoma vizuri, acha kupanda. Kibali changu cha kuishi huku bado hakijatoka. Nikiondoka huku sirudi tena, na dawa zako natuma mimi. Nakusihi, Baba. Naogopa.

Mwanao

21 Februari

Haya, umeshinda. Kesho mara ya mwisho, niagane nacho.

Baba

23 Februari

Shikamoo Baba. Jana adhuhuri mstari ulishuka. Haukupanda. Nikasema labda mtandao, lakini joto na upepo vinasomeka kama kawaida. Nimekupigia mpaka simu yako ikazima. Fundi cherehani hapokei. Sasa hivi huko jua limeshatoka, na mstari bado uko sifuri.

Naja, kibali wabaki nacho. Baba yangu, nakuomba, ondoa kofia.

Mwanao